Tundu lenye meno: Jinsi mashine ya kubana kioo ilivyozuia nyaya zisianguke

Julai 25, 1865, fundi seremala wa New York aitwaye Louis A. Cauvet alipewa hataza, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi, kwa kitu ambacho ukikitazama haraka unaweza kukicheka: meno ya skrubu ndani ya tundu la kikombe cha kioo.

Hakuvumbua kioo. Hakuvumbua telegrafu wala umeme. Alichofanya ni kupata njia ya kukifunga kikombe kwenye nguzo kisichomoke.

Kabla ya hapo vikombe vilikuwa vinachomoka. Upepo ukija, kikombe kinang'oka, waya unadondoka, na ujumbe wa mtu mwingine mamia ya kilomita mbele unapotea njiani.

Wazo la Cauvet lilikuwa zuri, ila lilileta swali gumu kiwandani: unachongaje meno ndani ya kitu cha kioo bila kukipasua? Jibu lilikuwa mashine ya kubana, na mpaka leo vikombe vya kioo vya nyaya kubwa za umeme vinaanzia kwenye mashine ya ukoo huohuo.

Kwanza, kikombe kinafanya nini juu ya nguzo?

Jina lake la vitabuni ni kihami. Mafundi wengi wa umeme wanakiita kikombe, kwa sababu ukikipindua ndivyo kinavyoonekana.

Kazi yake ni moja: kushika waya bila kuruhusu umeme upite kwenda kwenye nguzo, na kutoka kwenye nguzo kwenda ardhini.

Kwenye telegrafu ya zamani jambo hili lilikuwa zito. Kwa kawaida njia ilikuwa na waya mmoja tu. Umeme ulikwenda kwa waya na kurudi kupitia ardhini.

Sasa fikiria nguzo ya mti iliyolowa mvua. Waya ukiigusa, umeme kidogo unavuja kwenda ardhini. Nguzo moja si tatizo. Lakini kila kilomita ina nguzo kadhaa, na kila moja inaiba kidogo. Mwisho wa safari hakuna kinachofika.

Samuel Morse na wenzake waliliona hilo mapema. Mwaka 1843 Bunge la Marekani liliwapa dola 30,000 wajenge njia ya majaribio kati ya Washington na Baltimore. Walianza kwa kufukia waya ardhini. Kinga ya waya ilikuwa mbovu, umeme ukavuja, na mpango ukakwama.

Ikabidi waya upandishwe kwenye nguzo, ukishikiliwa na vipande vya kioo. Mei 24, 1844 ujumbe ukafika.

Kwa nini kioo, na kwa nini kiwe na uwazi ndani?

Kioo kikiwa kimepoa hakipitishi umeme. Chembe zake za umeme zimeshikwa mahali pake na hazina njia ya kutembea.

Kuna kitu cha kushangaza hapa: kioo kikiwa kimeyeyuka, mambo yanageuka, kinapitisha umeme. Viwanda vingine vya kioo hutumia umeme unaopita ndani ya uji wa kioo kuupasha moto. Kwa hiyo kitu kilekile ni njia ya umeme kikiwa tanurini, na ukuta dhidi ya umeme kikiwa juu ya nguzo.

Sasa kuhusu uwazi. Mvua ikinyesha juu ya kipande cha kioo kisicho na uwazi, maji yanatandaza utando juu yake wote, kutoka kwenye waya mpaka kwenye nguzo. Umeme unapita juu ya maji. Kioo chenyewe kizima, lakini hakina msaada.

Ukikifanya kama sketi au kengele, hali inabadilika. Nje kunalowa, ndani kunabaki kukavu. Umeme ukitaka kuvuja lazima ushuke nje ya sketi, uzunguke ukingo, kisha upande ndani kwenye sehemu kavu. Safari inakuwa ndefu na njia inakatika.

Baadhi ya vikombe vilitengenezwa na sketi mbili, moja ndani ya nyingine. Hoja ni ileile: ongeza urefu wa njia na ulinde sehemu kavu.

Kwa hiyo uwazi ndani ya kikombe una kazi mbili. Unaweka sehemu kavu, na ndimo inamoingia pini ya mti inayokishika kwenye nguzo.

Tatizo: vikombe vinavyoruka

Vikombe vya kwanza vilikuwa na tundu laini. Fundi alikichomeka kikombe juu ya pini ya mti, na wakati mwingine alizungushia kitambaa au kupaka lami ili kibane.

Mti haukai vilevile. Ukilowa unavimba, ukikauka unanywea. Baada ya jua na mvua za misimu michache, kikombe kilichokuwa kimebana kinaanza kucheza.

Halafu kuna nguzo zilizo bondeni. Hizo waya hauzilemei kwa chini. Kwa sababu nguzo za pande zote mbili ziko juu zaidi, waya unavuta kwenda juu. Upepo mmoja mkali ukija, kikombe kinatoka kama kizibo cha chupa.

Na hii haikuwa mitandao midogo. Oktoba 1861 Marekani ilikamilisha telegrafu ya kuvuka bara zima, nyaya za mashariki na magharibi zikikutana Salt Lake City. Habari za vita, bei za mazao na ratiba za treni zilipita juu ya nguzo kama hizo. Mahali ambapo treni ziliongozwa kwa telegrafu, waya ukikatika mtu wa stesheni hana uhakika treni nyingine iko wapi.

Hapo ndipo fundi seremala alipoingia. Mtu aliyezoea kuunga mbao anajua kuwa kitu kilichochomekwa kitachomoka, na kitu kilichozungushwa kwa skrubu kitakaa.

Wazo la Cauvet: pini ichongwe meno, tundu la kikombe nalo liwe na meno, kisha kikombe kizungushwe kama unavyofunga kifuniko cha chupa. Waya ukivuta kwenda juu, meno yanashika.

Kiwanda cha kioo cha Brookfield, Brooklyn, kiliichukua hataza hiyo, na tarehe ya Julai 25, 1865 ikaanza kuonekana kwenye vikombe vyake.

Hapo ndipo kazi ilipoanza kuwa ngumu

Kubana kioo kwa mashine hakukuwa jambo jipya. Tangu miaka ya 1820 mafundi wa Marekani walikuwa wakibana vitasa vya droo na sahani kwa kalibu ya chuma na mkono wa kuvuta.

Kalibu inachora umbo la nje. Mchi wa chuma, kama mchi wa kinu, unashuka na kuchora umbo la ndani. Kioo laini kinakosa pa kwenda, kinajaa kila kona. Mchi unapanda, kitu kimeisha.

Lakini mchi huo lazima uwe mwembamba chini na mpana juu, ili utoke bila kukwama. Ndiyo maana glasi nyingi za kunywea maji nazo ni pana juu kuliko chini.

Meno ya skrubu yanaharibu hesabu yote. Ukishusha mchi wenye meno ndani ya kioo laini, kioo kinaingia kati ya meno. Ukiuvuta moja kwa moja kwenda juu, meno ya chuma yanang'oa meno ya kioo. Unabaki na tundu lililochanika.

Njia ya kuutoa ni moja tu: kuuzungusha, kama unavyofungua skrubu.

Hatua kwa hatua: mashine inavyofanya kazi

Kwenye viwanda vya karne ya 19, kazi ilikwenda takriban hivi.

*1. Uji wa kioo.* Mchanga, magadi na chokaa vinayeyushwa pamoja na vipande vya kioo kilichovunjika. Tanuri linafika nyuzijoto 1,400 na zaidi. Chuma kidogo kilichomo kwenye mchanga ndicho kinachotoa ile rangi ya bluu-kijani ya vikombe vingi vya zamani. Hakuna aliyehangaika kukisafisha, maana kikombe cha nguzoni hakihitaji urembo.

*2. Tonge.* Fundi anachovya fimbo ya chuma tanurini, anaizungusha na kutoka na tonge la kioo linalong'aa kama kaa la moto. Analishikilia juu ya kalibu, lidondoke taratibu.

*3. Kukata.* Mbanaji anakata tonge kwa mkasi. Hapa jicho lake ndilo mizani. Akikata kidogo, kioo hakijazi kalibu na sketi inatoka na pengo. Akikata zaidi, kichwa cha kikombe kinakuwa kinene kupita kiasi na kitapoa vibaya.

*4. Kubana.* Anavuta mkono wa mashine. Mchi unashuka, na kwenye ncha yake umechomekwa msumari mnene wenye meno ya skrubu. Kioo kinapanda pembeni, kinajaza kalibu, kinaingia kati ya meno.

*5. Kuacha.* Mchi unapanda, lakini msumari wenye meno unabaki ndani ya kioo. Huu ndio ujanja wenyewe. Mashine haihitaji kusubiri, kioo kinapewa muda mfupi wa kujishika.

*6. Kufungua.* Kioo kikishakuwa kigumu cha kutosha, msumari unazungushwa na kutolewa. Nyuma yake kunabaki tundu lenye meno, tayari kupokea pini ya mti.

Kiwango kilichozoeleka Marekani kilikuja kuwa meno 4 kwa kila inchi. Ni meno makubwa na ya mviringo, si makali kama ya boliti. Kuna sababu. Kona kali kwenye kioo ni mahali ufa unapoanzia. Na meno ya pini, kwa kuwa ni ya mti, yakiwa membamba yanakatika.

Robert Hemingray, mwenye kiwanda cha kioo upande wa Mto Ohio, alipata hataza yake ya Desemba 19, 1871 kuhusu namna ya kutengeneza vikombe vya aina hii. Tarehe hiyo nayo iligongwa kwenye kioo, na bado inasomeka kwenye vikombe vinavyookotwa leo kando ya reli za zamani.

Sekunde chache zinazoamua kila kitu

Ukiangalia kwa mbali, kazi hii ni kuvuta na kuachia. Ukweli ni kwamba mbanaji alikuwa anacheza na saa na joto.

Msumari ukitolewa mapema, kioo bado ni laini na meno yanalegea, yanashuka kama ugali ambao haujaiva. Ukichelewa, kioo kinakauka juu ya chuma, kinagoma kuachia, na kikombe kinapasuka.

Chuma nacho kina tabia zake. Kalibu ikiwa baridi, inashtua uso wa kioo na kuacha nyufa ndogo. Ikiwa moto mno, kioo kinagandia kwenye chuma. Ndiyo maana kalibu ilipashwa moto kwanza, na vikombe vya mwanzo wa zamu mara nyingi vilirudishwa kuyeyushwa upya.

Hata kikombe kilichotoka kizuri hakijamaliza safari. Nje yake inapoa haraka, ndani kwenye kichwa kinene bado kuna joto. Nje imeshanywea, ndani bado. Kikiachwa hivyo mezani kinaweza kupasuka chenyewe, saa moja baadaye au wiki ijayo, bila mtu kukigusa.

Dawa yake ni tanuri la kupozea. Vikombe vinaingia vikiwa bado vya moto, nyuzijoto 500 na kitu, na joto linashushwa polepole kwa saa nyingi, ili nje na ndani vipoe pamoja.

Nani alivibeba mpaka kwenye tanuri?

Hapa stori inabadilika sura.

Mashine ya kubana iliongeza kasi. Kasi ilihitaji mikono mingi ya kufanya kazi ndogondogo: kufungua kalibu, kushika fimbo, na kukimbiza vioo vya moto kwenda kwenye tanuri la kupozea kabla havijapasuka. Katika viwanda vya kioo vya Marekani, kazi hizo zilifanywa sana na wavulana, maana malipo yao yalikuwa madogo.

Agosti 1908 mpiga picha Lewis Hine, akifanya kazi kwa ajili ya kamati ya kitaifa iliyopinga ajira za watoto, aliingia kwenye viwanda vya kioo vya jimbo la Indiana. Picha yake mojawapo inayojulikana sana ilipigwa saa 3 usiku. Watoto walikuwa bado kazini.

Hali hiyo haikuwa ya kiwanda kimoja wala ya aina moja ya bidhaa. Chupa, taa, mitungi, kote mtindo ulikuwa huo: tanuri halizimwi usiku, kwa hiyo zamu ya usiku lazima iwe na watu.

Mambo mawili yalibadilisha hali. La kwanza ni mashine zilizojiendesha zaidi, zilizoanza kuenea mwanzoni mwa karne ya 20, ambapo tonge linakatwa na kudondoka lenyewe na kalibu zinazunguka mezani bila kusukumwa na mtu. La pili ni sheria. Sheria ya kwanza ya serikali kuu, ya 1916, ilifutwa na Mahakama Kuu ya Marekani 1918. Iliyodumu ilikuja 1938.

Wavulana wakaondoka. Lakini mafundi wa jicho na mkasi nao wakaondoka.

Mji uliofuata gesi

Miaka ya 1880 gesi asilia iligunduliwa kwa wingi mashariki mwa Indiana. Gesi ya bei rahisi ni ndoto ya kila mwenye tanuri la kioo, na viwanda vikahamia huko. Kampuni ya Hemingray ilianza uzalishaji kwenye mji wa Muncie mwaka 1888.

Huko ndiko jina lake lilikokua. Mei 2, 1893 ilipata hataza nyingine, ya vichirizi: nundu ndogo zilizopangwa kwenye ukingo wa chini wa sketi, ili maji yakusanyike kwenye ncha na kudondoka badala ya kutanda ukingoni.

Kikombe chake namba 42, kilichotumika sana kwenye nyaya za simu na telegrafu, ni miongoni mwa vile vinavyopatikana kwa wingi zaidi mpaka leo. Ukikishika unaona mistari miwili midogo pembeni. Hapo ndipo nusu mbili za kalibu zilipokutana. Ukiingiza kidole ndani unagusa meno ya Cauvet.

Kampuni ya Owens-Illinois iliinunua Hemingray mwaka 1933. Kufikia miaka ya 1960 nyaya za simu zilikuwa zinahamia kwenye kebo zenye kinga na mawimbi ya redio, na soko la vikombe vidogo vya kioo likafa. Leo vinakusanywa na wapenzi wa vitu vya kale, vikipangwa dirishani jua lipite.

Lakini kioo hakikushuka kwenye nguzo

Ukipita chini ya nguzo kubwa za chuma za umeme, angalia juu. Waya unaning'inia kwenye mnyororo wa vipande vya duara, kimoja chini ya kingine. Vikiwa vinang'aa na mwanga unapita, ni kioo. Vikiwa vya kahawia au kijivu visivyopitisha mwanga, mara nyingi ni kauri.

Wazo la mnyororo lilitoka kwa Wamarekani wawili, Edward Hewlett na Harold Buck, mwaka 1907. Badala ya kikombe kimoja kikubwa kilichosimama, ning'iniza vidogo vingi. Umeme ukiwa mkubwa zaidi, ongeza vipande.

Ndiyo maana ukihesabu vipande unaweza kukisia ukubwa wa umeme. Waya wa kilovolti 132 huwa na takriban vipande 9 hadi 11, na wa kilovolti 220 kama 13 hadi 16, kutegemea hali ya hewa na vumbi la eneo. Misongo hiyo, pamoja na ya kilovolti 400, ndiyo inayotumika kwenye njia kuu za Tanzania na Kenya.

Kila kipande cha kioo kinabanwa kwenye kalibu, kama zamani. Kina sahani pana, mara nyingi ya milimita 255, na kichwa kilicho wazi ndani. Juu ya kichwa inavalishwa kofia ya chuma. Ndani ya uwazi inaingia pini ya chuma. Vyote vinashikwa kwa saruji.

Meno ya skrubu hayapo tena. Badala yake uwazi umetengenezwa kwa umbo ambalo pini ikivutwa chini, kioo kinabanwa kati ya pini na kofia. Kioo ni dhaifu kikivutwa lakini kina nguvu sana kikibanwa. Kwa hiyo uzito wa waya wenyewe unakikaza.

Kioo kinachopiga kelele kikiumia

Tofauti kubwa na enzi za Cauvet iko kwenye kupoza.

Zamani kikombe kilipozwa polepole ili kusiwe na mvutano wowote ndani. Sasa kinafanyiwa kinyume. Kikishabanwa kinasawazishwa joto, zaidi ya nyuzi 600, kisha kinapulizwa hewa baridi kutoka pande zote, ndani ya uwazi pia. Uso unaganda ghafla. Baadaye kiini kinapopoa na kunywea, kinauvuta uso kwa ndani, na uso mzima unabaki umebanwa.

Ni kanuni ileile ya kioo cha dirisha la pembeni la gari. Ni kigumu sana kukivunja, lakini kikivunjika kinasambaratika chote kuwa punje.

Kabla ya kutoka kiwandani vipande hupitishwa kwenye joto na baridi ya ghafla makusudi. Chenye kipunje cha tofali la tanuri ndani yake kinalipukia hapohapo. Heri kilipukie kiwandani.

Na huko juu, kwenye waya, tabia hii ya kusambaratika ndiyo faida yenyewe.

Kauri inaweza kupata ufa mwembamba ndani ya kofia, mahali ambapo hakuna jicho linaloona. Kutoka chini inaonekana nzima. Radi ikija, umeme mkubwa unaweza kupita kwenye ufa huo, joto likaipasua kofia, na waya ukaanguka.

Kioo hakina siri. Kikiumia, sahani yote inapukutika na pengo linaonekana kutoka chini, hata kutoka kwenye helikopta. Lakini kioo kilicho ndani ya kofia hakina pa kutokea. Kinabaki kimejibana kati ya kofia na pini, na kinaendelea kubeba waya mpaka mafundi wafike.

Yaani swali lilelile la 1865, waya usianguke, bado linajibiwa na umbo la ule uwazi ndani ya kioo.

Ukiona pengo kwenye mnyororo, ufanye nini?

Kipande kimoja kikipukutika si dharura ya kukimbia. Vipande vilivyobaki vinaendelea kufanya kazi. Vikipungua zaidi, umeme unaweza kuruka, na laini nzima ikazimika.

Usikaribie nguzo, usipande, usijaribu kuokota kitu kinachoning'inia. Angalia namba iliyo kwenye nguzo na uitoe taarifa kwa shirika la umeme la eneo lako. Ukikuta waya umeanguka chini, hata kama hautoi cheche, kaa mbali na uwazuie wengine wasiukaribie.

Na kwa wale wanaolenga vikombe kwa manati au mawe kwa sababu kioo kinang'aa na kinatoa mlio mzuri: kila kinachopukutika lazima mtu apande kwenda kukibadilisha, makumi ya mita juu ya ardhi.

Kinamchukua jiwe moja kuvunjika. Kumrudishia waya kikombe chake ni kazi ya tanuri, kalibu, na fundi aliyejifunga mkanda kiunoni.